Mshike Mkono, Usimwambie "Tazama"

Mtoto wa Ufipa hufundishwa kwa kutazama. Hakuna anayemweleza jinsi ya kupukuchua mahindi au kupepeta maharage. Anakaa karibu na mama au bibi, anaangalia, kesho anajaribu. Kwa watoto wengi njia hiyo inatosha. Kwa mtoto mwenye usonji mara nyingi haitoshi, na hapo ndipo sifa ya ukaidi inapomwandama: ameonyeshwa mara ngapi, hataki tu. Naona mara nyingi anataka, ila njia tuliyoichagua haimfikii. Ukitaka avae sweta au amege tonge, anza na mkono wake kabla ya macho yake.

Usonji hujulikana zaidi kwa lugha na mahusiano, na vigezo vya kuutambua havidai kwamba lazima mtoto awe na shida ya viungo. Hata hivyo daktari Hans Asperger, alipowaeleza watoto wa aina hii mwaka 1944, alishaona kwamba mikono na miguu yao haikuwa myepesi. Mwaka 2020 mtafiti Anjana Bhat wa Marekani alichambua majibu ya wazazi wa watoto zaidi ya 11,000 wenye usonji, na takriban asilimia 87 walionekana kuwa katika hatari ya kuwa na tatizo la mwendo. Ushahidi ninaouona mzito zaidi ni wa utafiti uliofanywa Baltimore, Marekani, mwaka 2009. Watoto walijifunza kusogeza mpini wa mashine, kisha watafiti wakapima wanategemea nini: wanachokiona, au wanachokihisi ndani ya misuli na maungio. Wenye usonji waliegemea hisia za mwili kuliko wenzao, na kadiri walivyoziegemea ndivyo kuiga kulivyowawia vigumu. Ukimwambia mtoto kama huyo "tazama nifanyavyo", umebisha mlango asioutumia sana.

Basi nianze na kifungo. Sumbawanga, hapa Ufipa, iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai humvalisha kila mtoto sweta, kwa hiyo zoezi lipo asubuhi na jioni bila kutengewa muda. Kaa nyuma ya mtoto, si mbele yake, ili mikono yako na yake ielekee upande mmoja. Chagua kifungo kikubwa. Kisukume tunduni mpaka nusu yake itokeze, halafu weka vidole vyake juu yake, vyako juu ya vyake, mkivute pamoja. Sema neno moja tu, "vuta", na liwe hilohilo kila siku. Yeye anashika hatua ya mwisho kwanza, kwa hiyo kazi inamalizikia mikononi mwake. Akiizoea hatua hiyo, mwachie na kusukuma. Kadiri anavyoweza, legeza mshiko wako: kutoka vidoleni uhamie kwenye kifundo cha mkono, kisha kiwiko, kisha uondoe kabisa.

Ugali wa ulezi nao ni mwalimu mzuri, kwa kuwa unanata na kumpa mtoto kitu cha kuhisi: kumega, kufinyanga, kubonyeza kwa kidole gumba ili tonge lichote mboga. Kwa miguu, matuta ya shamba yanatosha. Mshike kiunoni apande na kushuka, na mshiko upungue vilevile. Kuokota maharage ni zoezi zuri la vidole, lakini usiondoke alipo: punje huingia puani na kooni upesi.

Kuna atakayesema utafiti wa Baltimore ulihusu watoto wachache, tena wakubwa kuliko watoto wanaojifunza kuvaa sweta. Ni kweli, na ndiyo sababu siuchukulii kama amri. Ukiona mtoto wako anaiga vizuri kwa macho, mwonyeshe. Wapo wasiopenda kuguswa. Hao usiwalazimishe: mara nyingi mguso mwepesi ndio unaowakera, mshiko thabiti wanauvumilia, na wakijitoa, waache. Hofu kwamba atazoea kushikwa ina msingi pale tu usipolegeza mshiko. Nisichoweza kukuahidi ni maneno. Mazoezi huimarisha viungo; kwamba yataleta na usemi, ushahidi bado ni mwembamba.

Pingamizi gumu zaidi ni lile la "atakua tu". Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vinaonyesha watoto wenye afya huanza kutembea peke yao kati ya miezi 8 na 18, nafasi pana kweli, na wengi wenye usonji hutembea kwa wakati. Lakini kumshika mkono wakati wa kuvaa hakumdhuru aliyechelewa kidogo tu, ilhali kungoja kunampotezea muda anayehitaji msaada. Wala usingoje mtaalamu wa tiba kazi ndipo uanze. Wataalamu hao wanafundishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, mbali na hapa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sumbawanga, nenda bila kuchelewa kama mtoto amepoteza alichokuwa akikiweza, anatumia upande mmoja tu wa mwili, au anapata degedege, na uende na maelezo: alikaa lini, alitembea lini, kipi kinamshinda sasa.