Kufeli Somo Si Kufeli Wito



Muhula uliopita nilifeli Mantiki. Siku tatu sikumwambia mtu, nikawaza: "Nimefeli, basi sina wito." Kumbe Mantiki yenyewe inaikataa hoja hiyo, kwa sababu hitimisho halizidi kauli zilizolitangulia. Karatasi ilisema jambo moja tu: somo hili bado sijalielewa.

Mtakatifu Yohane Maria Vianney alishindwa na Kilatini hadi akaondolewa seminari ya Lyon. Hakujificha. Alirudi kwa Padre Balley, paroko wa Écully, akafundishwa upya. Alipewa upadre mwaka 1815, akiwa na miaka 29. Leo ni msimamizi wa maparoko.

Siku ya nne nilimbishia hodi mlezi wangu. Tulipitia karatasi swali kwa swali, nikagundua kwamba nilikariri kanuni bila kufanya mazoezi. Sasa nafanya mazoezi kila jioni. Mtihani wa marudio ni mwezi ujao.

Nanyi wazazi wetu wa Shirimatunda, mtoto akileta matokeo mabaya, msianze na "umetuaibisha." Mwulizeni kwanza: "Ni wapi hukuelewa?"