Darsa ya Ramadhani, siku ya 12: Milango ya msikiti wakati wa korona



Jana baada ya Tarawehe kijana mmoja aliuliza: mwaka 2020 sisi misikiti haikufungwa, Kenya walifunga, na Makka kwenyewe umra ikasimamishwa. Sasa nani alikuwa na imani zaidi?

Swali zuri, ila imani si mizani yake. Turudi kwa Sayyidna Umar (r.a.). Mwaka wa 18 Hijria, akiwa njiani kwenda Sham, alifika Sargh akaambiwa kuna tauni mbele. Hakuamua peke yake. Akawaita Muhajirina, wakatofautiana. Akawaita Ansari, nao vilevile. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao kwa kauli moja wakasema turudi. Abu Ubayda hakupenda, akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akajibu kuwa anatoka qadar moja ya Allah kwenda nyingine. Ndipo akaja Abdurrahman bin Awf na hadithi ya Mtume (s.a.w.): penye tauni usiingie, na ikikukuta ulipo usitoke kuikimbia. Umar akarudi Madina. Abu Ubayda akarudi kwa watu wake Sham, na tauni ile ikamchukua. Wote wawili tunawaombea radhi za Allah mpaka leo.

Kufungua nako kulikuwa na mjadala wake. Kenya, Julai 2020, waliruhusu waumini wasiozidi 100, kwa saa moja. Chini ya miaka 13 na zaidi ya 58 wabaki nyumbani, madrasa zisubiri. Hebu fikiria mzee aliyeswali safu ya mbele miaka 40, anaambiwa bado. Inauma jamani! Lakini wazee ndio ugonjwa ule uliwaua zaidi. Makka umra ilirudi 4 Oktoba 2020 kwa watu 6,000 kwa siku, na safu za bega kwa bega zikarudi Oktoba 2021.

Kwetu shule zilifungwa Machi, zikafunguliwa zote 29 Juni. Msikiti ulibaki wazi, maana yake uamuzi aliachiwa kila mtu na kifua chake. Na hapo wengine walikuja wakikohoa, kwa kuogopa kusemwa.

Basi mwenye homa, kikohozi kikali au kuharisha, aswali nyumbani, ana ruhusa, na jirani asimseme. Ndoo za kunawia zipo mlangoni, sabuni imekwisha. Mwenye uwezo alete kabla ya Isha.

Kesho in sha Allah: fidia ya mgonjwa asiyeweza kufunga.