Mumeo Si Afisa wa Uhamiaji

Mdogo wangu uliyeolewa hapa Ekero kutoka ng'ambo ya mpaka, leo nataka tuongee. Najua kinachokunyamazisha. Kila akimaliza kukupiga anakwambia lile lile: nikitaka kesho unarudi Uganda, na watoto unaniachia. Kitambulisho chako amekifungia sandukuni. Laini ya simu imesajiliwa kwa jina lake, kwa hiyo hata mia mbili uliyotumiwa na mamako anajua imeingia saa ngapi. Mama mkwe anakuambia uvumilie. Huna shangazi hapa wa kukimbilia, wala kaka wa kuja kuuliza kulikoni.

Sasa nisikilize. Mumeo si afisa wa uhamiaji. Hana mamlaka ya kumfukuza mtu yeyote Kenya. Hata kama karatasi zako zimepitwa na wakati, hilo ni la kushughulikiwa na idara ya uhamiaji, wala halimpi yeye ruhusa ya kukuvunja mkono. Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinamkinga kila mtu dhidi ya ukatili, uwe wa serikali au wa nyumbani. Kila mtu, si kila Mkenya. Nao watoto, Kifungu cha 53 kinasema baba na mama wana wajibu sawa kwao, wawe wameoana au hawajaoana.

Wapo wanaovumilia wakihesabu miaka saba, kwa kuwa Katiba inamruhusu aliyeolewa na Mkenya kwa muda huo kuomba uraia. Dadangu, uraia huo hautakufaa kitu ukiwa kaburini.

Nataka umkumbuke Rebecca Cheptegei. Mganda mwenzako, mkimbiaji aliyeshiriki marathoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024. Alikuwa na jina, alikuwa na pesa zake, na alikuwa amejenga nyumba kaunti ya Trans Nzoia. Jumapili ya tarehe 1 Septemba mwaka huo, alipotoka kanisani na watoto, aliyekuwa mpenzi wake alimmwagia petroli akamwasha moto. Alifariki Eldoret tarehe 5. Ugomvi ulikuwa wa ardhi, na babake alisema familia ilikuwa imeshapeleka malalamiko kwa polisi kabla ya siku hiyo. Naumia kila nikilifikiria hilo, maana yeye alifanya tunayowaambia wanawake wote wafanye.

Ona pia kwamba walikuwa wameshaachana. Mwanamume wa namna hii huwa hatari zaidi pale anapoona unamponyoka. Kwa hiyo usimtishie kwa hasira kwamba unaondoka, wala usimwage siri kwa mtu wa ukoo wake, hata yule anayekuonea huruma. Panga kimyakimya. Kitambulisho chako na vyeti vya kuzaliwa vya watoto ukivipata mkononi hata dakika tano, vipige picha kwa simu ya rafiki, kisha ufute alama zozote kwenye yako. Pesa kidogo ziwekwe na mwanachama mwenzako wa chama, mtu asiyejuana na mumeo. Jua mapema ni bodaboda gani unayeweza kumpigia saa nane usiku.

Akikuumiza, tangulia hospitali. Usikubali kuambiwa ungoje polisi kwanza ndipo utibiwe. Kama amekulazimisha kitandani, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na usione haya kulisema hilo kwa daktari, awe mumeo au asiwe. Majeraha yaandikwe kwenye fomu ya polisi ya P3 mapema, yangali yanaonekana.

Kisha kuna Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015, ambayo wengi wetu hatukuelezwa. Haikudai cheti cha ndoa. Mkiishi nyumba moja au mkiwa na mtoto pamoja, inakuhusu. Tena haihesabu ngumi peke yake. Matusi na vitisho vimo, kunyimwa pesa kumo, kufuatwafuatwa kumo. Nenda mahakama ya Mumias uombe amri ya ulinzi. Hakimu akiona hatari anaweza kutoa ya muda hata kabla ya kumsikiliza mume. Kikao cha wazee sikikatazi, lakini wale ni wazee wake, na wakimtoza jogoo akuombe radhi, usiku bado utalala naye nyumba ile ile.

Nanyi majirani mnaoongeza sauti ya redio kilio kikianza, sheria hiyo inamruhusu hata mtu wa nje kuripoti. Mpeni huyo anayepigwa simu yenu apige 1195, namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, mchana mumewe akiwa kazini, kwa sababu simu yake mwenyewe inakaguliwa. Ni bure, na wanapokea usiku na mchana.