Bendera ya Nusu Mlingoti

Katika shule moja iliyo kando ya Ziwa Viktoria palikuwa na mvulana wa darasa la sita, ambaye kazi yake ilikuwa kupandisha bendera kila asubuhi. Jumatatu moja, tarehe 24 Septemba 2018, mwalimu wake alimwambia, "Leo bendera itapepea nusu mlingoti, kwa kuwa taifa lina msiba." Mvulana akaifunga bendera katika kamba, akaivuta mpaka karibu na katikati ya mlingoti, akaikaza kamba, kisha akarudi kusimama pamoja na wenziwe.

Mwalimu akatikisa kichwa. "Iteremshe, mwanangu, uanze tena. Kwanza ipandishe mpaka juu kabisa. Ikiisha kufika kileleni, ndipo uishushe polepole."

Mvulana akafanya kama alivyoagizwa, walakini moyoni hakuelewa. Hata walipoingia darasani akasimama, akasema, "Nataka kuuliza, Mwalimu. Ikiwa mwisho wake ni kushushwa, ya nini kuipandisha juu kwanza?"

Kabla mwalimu hajajibu, msichana mmoja aliyeketi nyuma naye akasimama. Shangazi yake alikuwa mwuza samaki, na siku ya Alhamisi iliyopita alikufa maji katika kivuko kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, shangazi yangu hakuwa mtu mkubwa. Je, bendera ile ni yake pia?"

Darasa zima likanyamaza. Mwalimu akaweka chini chaki yake, akasema, "Maswali haya mawili ni mema, nami nitayajibu yote mawili. Lakini kwanza sharti tujue desturi hii ilitoka wapi."

Asili ya desturi

Desturi ya kushusha bendera kwa ajili ya maiti haikuanza katika majumba ya wafalme. Ilianza baharini, kwa mabaharia. Katika habari zilizoandikwa, ya kale inayotajwa sana ni ya mwaka 1612. Mwaka huo Mwingereza aitwaye James Hall alisafiri mpaka Greenland, nchi ya barafu iliyo kaskazini kabisa, akauawa huko na mmoja wa wenyeji. Mabaharia wa meli yake, iliyoitwa Heart's Ease, wakaishusha bendera yao, ili kila chombo kitakachowaona kitambue kwamba wamefiwa na mkuu wao.

Fikirini jinsi ilivyokuwa. Siku zile hapakuwa na simu wala redio. Chombo kilichokuwa mbali hakikuweza kusikia kilio cha watu wa chombo kingine. Basi bendera ndiyo iliyokuwa sauti yao. Tena mabaharia wa zamani walikuwa na njia nyingine ya kuonyesha huzuni: walizilegeza kamba na kuziacha foramali zikae upande, chombo kizima kionekane hakina mpango. Nasi twafahamu neno hili, maana hata kwetu mfiwa huacha kujipamba, wala hajali nguo nzuri mpaka siku za msiba ziishe.

Wako wasemao kwamba ile nafasi iachwayo juu ya bendera ni mahali pa bendera ya mauti, isiyoonekana kwa macho. Hayo ni maelezo yapendwayo na watu wengi, nayo yatukumbusha kwamba mauti humshinda kila mtu, hata nahodha aliyezishinda dhoruba nyingi.

Namna ya kuishusha

Ingawa jina lake ni nusu mlingoti, si lazima bendera ikae katikati barabara. Katika Uingereza kanuni ni kwamba ikae theluthi mbili za mlingoti kutoka chini, na nafasi iliyo juu yake isipungue upana wa bendera yenyewe kutoka juu hata chini. Ikiwa chini mno, mtu apitaye aweza kudhani kwamba kamba imelegea au imekatika.

Asubuhi bendera hupandishwa upesi mpaka kileleni, hukaa kitambo kidogo, kisha hushushwa polepole mpaka mahali pake. Jioni, kabla ya kuondolewa, hupandishwa tena mpaka kileleni, ndipo huteremshwa kabisa.

Hapo mwalimu akamtazama yule mvulana, akasema, "Sasa sikia jibu la swali lako. Mtu aliyelala chini hawezi kuinama. Ukitaka kuinamisha kichwa kaburini kwa heshima, huna budi kusimama kwanza. Vivyo hivyo na bendera. Mahali pake ni juu, nayo sharti ionekane juu, ili watu wajue kwamba haikuanguka wala haikushindwa, bali imeinama kwa hiari yake."

Desturi za nchi mbalimbali

Nchi nyingi za dunia huifuata desturi hii, lakini kila moja ina kanuni zake.

Katika Marekani, kwa amri iliyotolewa mwaka 1954, bendera hushushwa siku 30 afapo Rais, au mtu aliyepata kuwa Rais. Na siku 10 afapo Makamu wa Rais au Jaji Mkuu. Tena Wamarekani wana siku ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, nayo ni Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa Mei. Siku hiyo bendera hukaa nusu mlingoti mpaka saa sita mchana, kisha hupandishwa juu mpaka jua lichwe. Asubuhi ni ya kuwalilia waliokufa. Alasiri ni ya walio hai, waiendeleze kazi waliyoachiwa.

Katika Uingereza iko bendera moja isiyoshushwa nusu mlingoti kamwe, nayo ni bendera ya mfalme mwenyewe. Sababu yake ni kwamba kiti cha enzi hakikai bure hata dakika moja: mmoja akifa, mrithi wake ni mfalme papo hapo. Hata mwaka 1997, alipokufa Diana, aliyekuwa mke wa mwana wa Malkia, mlingoti wa jumba la Buckingham ulikuwa mtupu, kwa kuwa Malkia hakuwapo Londoni, na desturi ilikuwa bendera yake ipandishwe pale akiwapo tu. Watu wakanung'unika sana, wakaona kwamba jumba lile halina huzuni. Basi siku ya mazishi, tarehe 6 Septemba, bendera ya taifa ikapandishwa pale, ikapepea nusu mlingoti. Twaona hapa kwamba kitambaa tu chaweza kuwa neno kubwa, na kukosekana kwake kwaweza kuwaumiza watu.

Katika Saudi Arabia bendera ya taifa haishushwi kwa msiba wa mtu yeyote, hata wa mfalme, kwa maana juu yake imeandikwa shahada, maneno ya imani ya Waislamu. Watu wa huko huwaheshimu wafu wao kwa njia nyingine. Basi mtu akiona bendera ambayo haikushushwa, asiseme upesi kwamba wenyewe hawana huzuni.

Misiba miwili ya taifa letu

Tarehe 14 Oktoba 1999 Mwalimu Julius Nyerere alifariki katika hospitali moja ya Londoni. Yeye ndiye aliyeiongoza nchi yetu siku bendera ya uhuru ilipopandishwa Dar es Salaam, Desemba 1961. Na chini yake Tanganyika na Zanzibar ziliungana mwaka 1964, tukapata bendera hii ya kijani, manjano, nyeusi na buluu. Rais Benjamin Mkapa akatangaza maombolezo ya siku 30, na bendera zikashushwa nchini kote. Tarehe 23 Oktoba Mwalimu akazikwa kwao Butiama, katika mkoa wa Mara.

Miaka ikapita 19. Kisha, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko kilikuwa kikirudi kutoka Bugolora, katika kisiwa cha Ukerewe, kwenda Ukara. Ilikuwa siku ya gulio, na watu walikuwa na mizigo yao. Kivuko kile kilijengwa kichukue abiria 101, lakini siku ile kilikuwa kimechukua zaidi ya mara mbili ya hesabu hiyo. Kilipokaribia kabisa gati la Ukara, watu wakiiona nchi kavu mbele yao, kikapinduka. Waliokufa walizidi 220. Waliookoka walikuwa 41. Rais John Magufuli akatangaza maombolezo ya siku 4, akaagiza bendera zipepee nusu mlingoti.

Na jina la kivuko kile lilikuwa nini? Jina lake lilikuwa Nyerere.

Jibu la swali la pili

Mwalimu alipofika hapo alinyamaza kidogo, kisha akamgeukia yule msichana. "Binti yangu, mwaka 1999 bendera ilishushwa kwa ajili ya baba wa taifa. Leo imeshushwa kwa ajili ya wakulima, wavuvi, wauza samaki, na watoto waliokuwa wakirudi nyumbani. Siku za maombolezo hazikulingana, lakini bendera ni ile ile, na kimo ni kile kile. Hakuna nusu mlingoti ya wakubwa na nusu mlingoti ya wadogo. Ndiyo, bendera ile ni ya shangazi yako."

Kisha akaendelea, akiwaambia wote: "Lakini nisiwafiche neno. Si kila mtu afaye hushushiwa bendera. Wengi hufa vijijini, wala redio haiwatangazi. Je, hao hawana heshima? Wanayo. Jirani aachaye jembe lake siku ya mazishi amekwisha kushusha bendera yake. Mwanamke aletaye kuni na maji katika nyumba ya matanga, naye ameishusha yake. Wahenga walisema kwamba kifo cha wengi ni harusi. Maana yake, msiba ukichukuliwa na watu wengi huwa mwepesi kuliko ukichukuliwa na mmoja.

"Tena, kesho bendera itapanda juu. Msidhani kwamba ndipo kazi imekwisha. Bendera haiwezi kuhesabu abiria gatini, wala haiwezi kumwambia nahodha, 'Chombo kimejaa.' Hayo ni kazi yetu sisi tulio hai. Mmoja wenu atakapokuwa nahodha, au karani wa gati, au abiria tu mwenye haraka ya kufika nyumbani, na aikumbuke siku hii."

Kesho yake asubuhi yule mvulana aliivuta kamba mpaka bendera ikafika kileleni, akaiacha huko. Yule msichana alisimama mstari wa mbele, akaitazama mpaka wenziwe wote walipokwisha kuingia darasani.

Maana ya maneno

Foramali: mti mrefu ufungwao tanga, nao hutundikwa mlingotini.
Gati: mahali vyombo vinapofunga ili watu washuke.
Gulio: soko la siku maalumu.
Matanga: siku za kukaa pamoja na wafiwa.

Maswali

1. Kwa nini mabaharia wa zamani walihitaji ishara ya kuonekana kwa macho?
2. Eleza hatua za kupandisha bendera siku ya msiba, asubuhi na jioni.
3. Kwa nini bendera ya mfalme wa Uingereza haishushwi nusu mlingoti? Na ile ya Saudi Arabia?
4. Misiba ya mwaka 1999 na mwaka 2018 ilifanana katika nini, na ilitofautiana katika nini?
5. Mwalimu alisema kwamba jirani aachaye jembe lake "amekwisha kushusha bendera yake." Eleza maana yake.
6. Andika habari fupi ya namna watu wa kijiji chenu wanavyowasaidia wafiwa.