D si Gia: Lugha na Utendakazi wa Giaboksi ya Otomatiki katika Nchi ya Chai

Kwa dereva aliyejifunzia udereva kwenye miteremko ya Litein au Mogogosiek, gia ni kitu kinachotiwa kwa mkono. Mguu wa kushoto hukanyaga klachi, mkono husukuma wenzo, na mwili mzima hujua gari limo katika gia ya ngapi. Kiswahili kimeuhifadhi ujuzi huo katika vitenzi vyake: gia hutiwa, hupandishwa, huangushwa, hutolewa. Katika vitenzi hivyo vyote mtendaji ni dereva.

Giaboksi ya otomatiki imeivuruga sarufi hiyo. Kando ya mkono wa gia wa pikapu ya aina hii hapana tarakimu kuanzia 1 hadi 5, bali pana herufi: P, R, N, D, na katika nyingi za zamani 2 na L. Dereva huuvuta mkono hadi D na kusema, kwa mazoea, kwamba ametia gia. Kwa hakika hajatia. Amechagua safu ya gia ambazo gari limepewa idhini ya kujitilia lenyewe. Makala hii inanuia kueleza jinsi giaboksi hiyo inavyofanya kazi, na kuonyesha kwamba tofauti baina ya kutia na kuidhinisha si suala la kiisimu tu. Katika mashamba ya Kericho na Bomet, ambako pikapu hubeba majani mabichi, maziwa, mbolea na watu, tofauti hiyo yaweza kuamua iwapo gari litafika bondeni likiwa na breki.

Mazingira yenyewe

Mji wa Kericho uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za chai huko Bomet zinakaribia au kupita kiwango hicho. Hewa ya huko ni nyepesi kiasi kwamba injini isiyo na taabo hupoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zake. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Barabara za kuelekea vituo vya kununulia majani nyingi ni za murami au udongo, na hazikai tambarare kwa muda mrefu: hupanda ukingo wa shamba, hushuka hadi kijitoni, kisha hupanda tena. Aidha, majani yaliyochumwa hayangoji. Yakirundikwa kwa saa nyingi hupata joto na kuharibika, kwa hiyo dereva wa majani daima ana haraka.

Safari ya nguvu

Husemwa mara nyingi kwamba otomatiki haina klachi. Kauli hiyo ni ya kupotosha. Isiyokuwapo ni pedali ya klachi. Ndani ya giaboksi mna klachi kadhaa, zote zimelowa mafuta.

Baina ya injini na giaboksi hukaa kifaa kiitwacho konvata. Mfano rahisi ni wa pangaboi mbili zinazotazamana: ya kwanza ikiwashwa, upepo wake huanza kuizungusha ya pili ingawa hazigusani. Katika konvata pahala pa upepo pana mafuta. Injini huzungusha upande mmoja, mafuta yakarushwa upande wa pili, nao ukazunguka na kupeleka nguvu kwenye giaboksi. Katikati mna gurudumu la tatu linaloyaelekeza upya mafuta yanayorudi ili yasaidie badala ya kupinga. Gurudumu hilo ndilo huifanya konvata iweze, gari linapoanza kuondoka, kuiongeza nguvu ya mzunguko hadi kukaribia mara mbili. Msingi wa kifaa hiki ulibuniwa na Mjerumani Hermann Föttinger mwanzoni mwa karne ya 20, kwa ajili ya meli. Kuteleza huko kwa mafuta ndiko kunakoliwezesha gari kusimama huku gia imeingia bila injini kuzima. Ndiko vilevile kunakozaa joto, na pikapu iliyojaa majani ikipanda polepole kwa muda mrefu huyachemsha mafuta ya giaboksi kuliko injini yenyewe inavyoonyesha kwenye dashibodi.

Baada ya konvata huja gia zenyewe, na hapa Kiswahili kimepata bahati. Mpangilio wake umeazimwa kutoka angani: katikati mna gia ya jua, kuizunguka mna gia za sayari zilizoshikwa pamoja na kibebeo, na nje mna gia ya pete yenye meno upande wa ndani. Hakuna haja ya kukopa sauti za kigeni, maana picha yenyewe inatosha. Gia hizo hushikana wakati wote. Kinachobadilika ni ipi imezuiwa isizunguke.

Chukua jua lenye meno 30 na pete yenye meno 60. Pete ikizuiwa na jua likazungushwa na injini, kibebeo huzunguka mara moja kwa kila mizunguko 3 ya jua: mwendo umepungua, nguvu imeongezeka. Viungo viwili vikifungwa pamoja, vyote vitatu huzunguka kama kitu kimoja. Kibebeo kikizuiwa, pete huzunguka kinyume cha jua, na hiyo ndiyo rivasi. Kuzuia na kufunga huko ni kazi ya zile klachi zilizolowa, zinazobanwa kwa shinikizo la mafuta. Shinikizo hutoka katika pampu inayozungushwa na injini, na njia zake hufunguliwa na vali. Zamani vali hizo zilifuata kasi ya gari na mkanyago wa mafuta kwa njia ya majimaji tu. Siku hizi kompyuta huziamuru kwa umeme. Wanaotaka kuielewa otomatiki waanze kwenye mfano huu wa meno 30 na 60 kabla ya kugusa mengine yote.

Herufi na majina yake

Mpangilio wa herufi haukuwa hivi tangu mwanzo. Baadhi ya magari ya zamani ya Marekani yaliiweka R mwishoni, jirani na L, na kosa dogo la mkono lilimpeleka dereva nyuma. Kanuni za usalama zilizoanza kutumika huko mwaka 1968 ziliamuru N ikae baina ya R na D.

P huwashawishi wengi kuiita nanga. Jina hilo ni zuri lakini ni hatari. Ndani ya giaboksi P ni jino moja la chuma linaloangukia katika pengo la gurudumu lililo kwenye shafti ya kutokea. Kwa jina la haki ni komeo. Pikapu yenye mzigo wa tani moja ikiegeshwa mlimani kwa P peke yake, uzito wote hulala juu ya jino hilo, na siku ya kuondoka mkono wa gia hutoka kwa kishindo. Utaratibu ufaao ni kukanyaga breki, kuvuta handbreki, kuiachia breki ya mguu ili handbreki ishike mzigo, ndipo P iwekwe.

N ndiyo fri ya madereva. L na 2 ndizo zenye utata wa lugha. Mwanafunzi anayeambiwa aweke gia ndogo atafikiri nini? Kwa tarakimu, 1 ni ndogo. Kwa nguvu, hiyo hiyo ni kubwa. Jozi ya nzito na nyepesi yafaa zaidi, kwa sababu humwambia dereva jambo analolihisi. Kwa hiyo L ni amri ya kubaki katika gia nzito, nayo 2 huizuia giaboksi isipande kupita ya pili. Katika pikapu za miaka ya karibuni, zenye gia 6 au zaidi, kazi hiyo hufanywa kwa kuusogeza mkono pembeni na kuchagua kwa alama za kujumlisha na kutoa.

Kuteremka

D hufuata mkanyago. Dereva anapouondoa mguu kwenye mafuta kileleni, giaboksi nyingi huona kwamba nguvu haitakiwi na kupanda hadi gia nyepesi. Baadhi ya zile mpya hutambua mteremko na kujizuia, lakini si busara kulitegemea hilo bila kulijaribu. Katika gia nyepesi injini hailizuii gari, na kazi yote huziangukia breki.

Kazi hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Pikapu yenye jumla ya tani 2.5 ikishuka mita 100 za kimo bila kuongeza kasi, breki zinazobaki peke yake hupokea joto la kutosha kuchemshia lita 7 au 8 za maji baridi. Breki zikishapata joto kupita kiasi, pedali hukanyagwa na gari halisikii. Injini iliyo katika gia nzito, ikizungushwa na magurudumu bila kupewa mafuta, huwa mzigo na kulishikilia gari. Ya dizeli hushikilia kidogo kuliko ya petroli, ndiyo maana gia huchaguliwa kabla ya kuanza kushuka, kasi ikiwa bado ndogo. Mteremko ukiwa mkali na barabara ni ya matope, pikapu ya fo-bai-fo huwekwa kwenye safu yake ya chini.

Wanaoteremka kwa fri ili kuokoa mafuta wanapoteza vyote viwili: injini haishiki gari, na inabidi ichome mafuta ili isizime.

Kupanda nako kuna usumbufu wake. Giaboksi hupanda gia, ikakosa nguvu, ikashuka, ikapanda tena, na kila badiliko huongeza joto. Kuiwekea mpaka kwa 2 hukomesha mahangaiko hayo.

Kusukumwa na kuvutwa

Mahali ambapo otomatiki huwashangaza zaidi wanavijiji ni betri inapokufa. Pikapu ya klachi husukumwa na vijana wanne, gia ya pili ikatiwa, klachi ikaachiwa, injini ikawaka. Otomatiki yaweza kusukumwa kutoka Kapkoros hadi mjini Bomet bila kuwaka. Pampu ya mafuta huzungushwa na injini. Injini ikiwa imelala hakuna shinikizo, klachi hazibanwi, na magurudumu hayana njia ya kuifikia injini.

Kwa sababu hiyo hiyo haifai kuivuta kwa trekta mwendo mrefu ikiwa katika N na magurudumu yanayoendeshwa yako chini. Sehemu za ndani huzunguka bila kulainishwa, na giaboksi iliyokuwa nzima hufika gereji ikiwa imeungua. Magurudumu hayo yainuliwe, au propela shafti ifunguliwe kabla ya kamba kufungwa.