Linda Moyo Wako: Kijitabu kwa Wakazi wa Tabora

Ugonjwa wa moyo hauchagui tajiri wala mnene. Humpata mkulima wa Sikonge, mwalimu wa Isevya, dereva wa bodaboda na mama lishe wa stendi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu wapatao milioni 17.9, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ikiwemo yetu. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha.

Tutakaa na presha kuliko mambo mengine, kwa sababu ndiyo inayoumiza mioyo mingi huku kwetu. Damu inaposukumwa kwa nguvu kupita kiasi mwaka hadi mwaka, mishipa hukakamaa, misuli ya moyo hunenepa na kuchoka, na mshipa wa ubongo unaweza kuziba au kupasuka. Hicho ndicho kiharusi, ambacho baadhi ya familia bado zinadhani ni kurogwa, mgonjwa akapelekwa kwa mganga huku saa za kumwokoa zikipita. Presha yenyewe haiumi. Mtu anaweza kulima, kucheza ngoma na kulala vizuri huku vipimo vyake vimeshapita 140 kwa 90.

Chumvi ya Uvinza

Tuanze na chumvi, inayopandisha presha. Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Unyanyembe, yaani Tabora yetu, ilipita Uvinza, karibu na mto Malagarasi, ambako watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi vyunguni. Wachunguzi wa mambo ya kale wamethibitisha kwamba kazi hiyo ilifanyika pale kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi hiyo ilibebwa na wapagazi na kubadilishwa kwa nafaka na majembe. Kitu kilichopatikana kwa kuni nyingi na kubebwa siku nyingi hakikumwagwa ovyo chunguni. Siku hizi pakiti ya chumvi ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu kabisa dukani, na mkono wa mpishi umekuwa mwepesi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani isijae kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha chumvi yote: ya mboga, ya mkate, ya dagaa, ya chipsi. Chumvi ikizidi mwilini huvuta maji, damu inaongezeka wingi ndani ya mishipa ileile, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi.

Ugali wetu kwa kawaida hautiwi chumvi, na hilo ni jambo jema. Chumvi inaingilia kwingine. Simama jioni nje ya shule yoyote mjini utazame beseni la muuza maembe mabichi: vipande vimechanwa, na pembeni kuna kikopo cha chumvi iliyochanganywa na pilipili. Mtoto anachovya, analamba, anachovya tena mpaka kipande kiishe. Mihogo ya kukaanga ni hivyohivyo, mahindi ya kuchoma hivyohivyo, na yai la kuchemsha halinunuliwi bila kunyunyiziwa. Ulimi unaozoea hivyo udogoni utadai hivyo ukubwani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia Wajaluo waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Presha ya waliohama ilianza kupanda mapema sana baada ya kufika mjini. Mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wanakula chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi. Walikuwa watu wa jamii moja, na wengine wa rika moja. Kilichobadilika ni chakula na namna ya kuishi. Yeyote aliyetoka kijijini Uyui akaja kupanga chumba Ng'ambo ajiangalie hapo.

Kwa hiyo, onja kabla ya kuongeza, na kikopo cha chumvi kisikae mezani. Dagaa na samaki wa chumvi waloweke, umwage maji, ndipo uwapike. Viungo vya pakiti vya mchuzi vina chumvi ndani yake. Ukivitumia, usitie nyingine. Ndimu, kitunguu, tangawizi na nyanya vinatosha kuipa mboga ladha, na baada ya wiki chache ulimi huzoea. Chumvi hiyo kidogo unayotumia iwe yenye madini joto, maana mwili bado unayahitaji.

Chakula cha nyumbani

Potasiamu, ambayo husaidia kushusha presha, imejaa katika vyakula ambavyo Mnyamwezi hahitaji kufundishwa kuvila. Viazi vitamu, viwe vibichi au vimekaushwa kuwa michembe na matobolwa. Maharage na kunde. Mlenda, mgagani, matembele, na nsansa iliyokaushwa kwa ajili ya kiangazi. Inatusikitisha kuona michembe ikiitwa chakula cha shida, wakati kikombe cha chai na michembe yenye karanga ni kifungua kinywa bora kuliko maandazi matatu ya mafuta. (Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza kuhusu vyakula vyenye potasiamu nyingi.)

Ugali wa mtama, uwele au dona una nyuzinyuzi zinazosaidia kupunguza lehemu kwenye damu. Sembe iliyokobolewa imepoteza sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hizo. Karanga zina mafuta mazuri kwa moyo, ila ziwe za kuchemsha au za kukaanga bila chumvi. Maembe yanapoiva kuelekea mwisho wa mwaka hata yakaoza chini ya miti, yaliwe yenyewe badala ya soda. Na uyoga wa miombo unapotoka masika, ule, ukinunua kwa anayeujua.

Asali ya Tabora inasifiwa nchi nzima, na inastahili. Hata hivyo asali ni sukari, na mwenye kisukari asidanganywe kwamba ni dawa. Mawese kutoka Kigoma yana vitamini A, lakini karibu nusu ya mafuta yake ni yale yanayopandisha lehemu mbaya. Pika kwa kijiko, si kwa kumimina, na mara nyingi tumia alizeti. Mafuta yaliyokaangiwa chipsi toka asubuhi hadi usiku yasiliwe.

Tumbaku tunayoilima

Kwamba tumbaku huumiza moyo ni neno gumu kusemwa Tabora, mkoa ambao ada za shule na mabati ya nyumba nyingi vimelipwa na tumbaku. Tunalisema kwa heshima kwa mkulima. Nikotini hubana mishipa na kukimbiza moyo. Gesi ya kaboni monoksidi iliyomo katika moshi hupunguza oksijeni kwenye damu. Kuta za mishipa huharibika na damu kuganda kirahisi. Hakuna kiasi salama, na ugoro si kimbilio. Faida ya kuacha huja mapema: baada ya mwaka mmoja bila sigara, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inapungua hadi takriban nusu ya ile ya mvutaji. Nawe unayevuna, vaa glovu na mikono mirefu, hasa majani yakiwa na umande, kwani nikotini hupenya kwenye ngozi.

Miguu

Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka Unyanyembe hadi pwani, zaidi ya kilomita 800, na mzigo wa frasila mbili au karibu yake, yaani kilo 30 hivi. Hatuwatukuzi bure; ndui, kuhara na njaa viliwaua wengi njiani. Wewe unatakiwa kidogo tu: dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki, nusu saa kwa siku tano. Bodaboda ya kwenda sokoni iache, au panda baiskeli. Jumamosi tembea na watoto mpaka Kwihara mkaone tembe la Livingstone. Anayelima kwa jembe la mkono anatimiza dakika hizo shambani. Tunayemsihi zaidi ni anayekaa ofisini au dukani kutwa.

Kupima

Mwenye miaka 18 na kuendelea apimwe presha angalau mara moja kwa mwaka kwenye zahanati au kituo cha afya. Ukipewa dawa, usiziache kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa kuwa zinafanya kazi. Kitunguu saumu ukile kama chakula, kisichukue nafasi ya dawa.

Na dalili za hatari ni hizi: maumivu mazito kifuani yanayoenda mkono wa kushoto au taya, jasho la baridi, pumzi kukata. Au mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kutoeleweka. Ukiziona, mpeleke mgonjwa hospitali ya Kitete au kituo kilicho karibu saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.