Kumwita Mbweha Wakati wa Baridi

Ninyi mnaofuga kuku katika vijiji vya pande za Lubumbashi, Kipushi na Likasi, sikilizeni somo hili. Mwezi wa sita na wa saba mbweha hukaribia nyumba. Watu husema kwamba baridi inamtuma. Si baridi peke yake. Mvua imekwisha tangu mwezi wa nne, majani yamekauka, moto wa pori umepita. Mbweha hutembea juu ya majivu akitafuta panya, na njia yake humfikisha uani kwako, mahali kuku wamelala juu ya mti bila mlango.

Kwanza mjue nyama huyu. Mbweha wa kwetu ana mstari mweupe ubavuni, na ncha ya mkia wake aghalabu ni nyeupe. Uzito wake ni kilo 7 hata 12. Wale wa mgongo mweusi wa Kenya na Tanzania ni wengine. Huyu wetu mara nyingi hulia kama bundi, hata mgeni hudanganyika. Hukaa wawili wawili, mume na mke. Hula panya, panzi, matunda na mizoga. Panya anayemla leo ni yule ambaye angekula mahindi yako ghalani. Basi usimwinde kila mbweha unayemsikia. Mwinde yule aliyezoea kuiba.

Tena hakikisha kwamba mwizi ni yeye. Mbweha humchukua kuku na kwenda naye, utaona manyoya yakifuata njia. Ukikuta kuku wanne wamekufa palepale, vichwa vimeumwa, mfikiri kanu. Na mara nyingine mwizi ni mbwa wa jirani, jambo ambalo hatupendi kulisema. Jenga kwanza kibanda cha kuku chenye mlango, kimeinuliwa juu ya miti. Vijiji vingi havihitaji kuwinda baada ya hapo.

Sasa, ukiwa ni lazima, fanya hivi. Jioni sikiliza analia upande gani. Kesho yake alfajiri, kabla ya jua, nenda huko na mwenzako mmoja. Chukua jivu kidogo, uliachilie, utazame upepo unakwenda wapi. Kaa chini, mgongo kwenye kichuguu. Vichuguu vyetu vya Katanga ni vikubwa kama nyumba, vinakuficha vizuri. Usivae nguo nyeupe, usivute tumbako, usikohoe.

Shika jani pana la nyasi kati ya vidole gumba viwili, upulize. Litatoa sauti ya sungura aliyekamatwa. Ukikosa jani, nyonya mgongo wa mkono wako kwa midomo, utatoa sauti ya panya. Lia kwa nusu dakika, kisha nyamaza dakika tatu au nne. Anayelia bila kunyamaza humfundisha mbweha kwamba huyo ni mtu. Baada ya dakika ishirini, kama hakuja, ondoka polepole, uende mahali pengine mbali.

Mimi mwanzo nilikosea. Nilikaa nikitazama mbele, upepo ukipita mgongoni mwangu kwenda mabondeni, nikaita mpaka jua likapanda. Niliporudi nikaona nyayo zake: alizunguka mbali, akafika upande ambako upepo ulikuwa ukichukua harufu yangu, akasimama, akarudi. Mbweha huamini pua kuliko masikio. Kwa hiyo mwenzako atazame upande ule upepo unakokwenda. Hapo ndipo atakapotokea.

Neno la bunduki. Uwe na ruhusa ya serikali, na uulize kama uwindaji umefunguliwa. Sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 inahusu pori lote, na katika mbuga za Upemba na Kundelungu hakuna kuwinda kabisa. Waambie watu wa kijiji mnakokwenda, kwa maana mwindaji mwingine akisikia sungura analia atanyemelea kichuguu chako na kupiga. Usipige zaidi ya hatua thelathini, wala usipige kama huoni kilicho nyuma. Wanawake wanaotafuta kuni huamka mapema kama wewe. Baada ya mwezi wa nane acha kuita, kwa kuwa majike huanza kuzaa. Sumu usiweke kamwe. Itaua mbwa wako, na tai, na mtoto anayeokota nyama.

Nimeacha jambo kubwa nyuma. Mbweha mzima wa mwili huja kwa hofu, akisimama simama. Lakini yuko mwingine asiyeitwa. Huja mchana, katikati ya kijiji, mate yanatiririka, anauma kuku, mbwa, mti. Watu hufurahi, humpiga kwa fimbo, wakasema, leo tumepata mjinga. Huyo si mjinga. Ana kichaa cha mbwa, na ugonjwa umo katika mate yake. Usimguse kwa mikono, usimchune, usiwape mbwa mzoga. Mchimbie shimo refu, umsukume kwa mti, na upeleke habari kwa mganga wa mifugo.

Akikuuma, au mate yake yakiingia kidondani, osha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, dakika 15 kamili kwa saa. Usifunge dawa ya majani. Kisha enda hospitali siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo kama mwiba. Ugonjwa huu hukaa mwilini mara nyingi mwezi mmoja hata mitatu kabla ya kuonekana, na ukishaonekana karibu hakuna anayepona. Ndani ya muda huo sindano inaweza kukuokoa, kama ilivyoanza kuokoa watu tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa kwanza mwaka 1885. Mtu aliyeumwa na kukaa nyumbani akisema, nitatazama kwanza, amepoteza siku zake.

Na mbwa wako wa kuwinda, yule atakayefika kwa mbweha kabla yako, mpeleke achanjwe kila mwaka, kabla ya baridi kuanza.